Kabati la Siri za Zone

Baraza letu la zone, yaani wilaya, pale Kamina, lilikuwa na komisyo mbili: moja ya bajeti, nyingine ya kulinda habari za raia. Wajumbe walikuwa wale wale. Walipomaliza bajeti walisimama, wakatoka nje, wakaingia tena kwa mlango ule ule, na sasa walikuwa komisyo ya siri. Ukicheka, umekwisha. Mimi nilikuwa mpiga taipu wao, na nilijua kuuma ulimi.

Baba yangu, mwalimu wa shule ya Wamethodisti, alikuwa mmoja wao. Majalada ya raia yalikaa kwenye katoni za maziwa chini ya meza, na moja lilikuwa la mama. Karani aliyeliandika alitoka kijiji kimoja naye, akaandika yote: kwamba kabla ya baba alikuwa na mume mvuvi kule Mulongo, na kwamba mali ya ndoa, mahari ya yule mvuvi, haikurudishwa. Kwetu Waluba, mali isiporudishwa, mwanamke bado ni wa yule aliyeitoa. Mama aliniambia mimi tu. Baba hakujua, na mama aliomba kila Jumapili asijue.

Basi, kabati lenye kufuli lilihitaji pesa. Komisyo ya bajeti ilikataa kutoa pesa kabla ya kuona sheria ya siri. Komisyo ya siri ilikataa kupitisha sheria kabla ya kuona kabati. Watu wale wale, nasema, walijikatalia wenyewe asubuhi nzima, kwa heshima kubwa.

"Ba-sitwayen, raia benzangu," prezida wa baraza akasema, "tuko na lazima ya mufano. Tusome jalada moja, bantu baone mambo ya kuficha iko namna gani."

Akaingiza mkono kwenye katoni. Madirisha yalikuwa wazi, na nje walijaa akina mama waliokuja kucheza animasyo, zile ngoma za kusifu chama. Akasoma kwa sauti ya mhubiri. Jina la mama. Mulongo. Mvuvi. Mali. Nilitamani ardhi inimeze.

"Sasa munaona hatari?"

Waliiona. Sheria ikapita kwa makofi, maana enzi zile kila kitu kilipita kwa makofi, na asiyepiga alionekana. Wakatoka, wakaingia, bajeti nayo ikapita. Baba alipiga makofi pamoja na wenzake, macho yake ukutani.

Sheria ilianza pale pale: atakayerudia neno la jalada, jela. Mji mzima ukajua, isipokuwa mama hakujua kwamba wanajua. Majirani walimsalimia kwa adabu ya msibani. Baba alikula ugali wake kimya. Nilimchukia kwa ukimya ule.

Jumamosi alipakia baiskeli yake, kinga kama tuiitavyo, kwenye lori, akasema komisyo imemtuma. Alirudi wiki iliyofuata kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi, akaketi kizingitini na kuvua kiatu kimoja.

"Baba ya batoto, kinga yako iko wapi?" mama akauliza.

"Nimeiacha Mulongo."

"Mulongo? Kwa nani?"

"Kwa mwenye mali. Pamoja na mbuzi. Amepokea mbele ya bashaidi." Akakohoa. "Ingine yote njo siri ya komisyo, mama. Usiniulize."

 Mama alipiga magoti mbele yake, akamvua kiatu cha pili.