Kuku Aliyepumua kwa Matamvua

Upumbavu wangu niutoe kwanza, kabla hamjaanza kunionea huruma: niliwakaririsha wanafunzi wote wa darasa letu majibu ya mtihani wa yaya yangu. Kila mtu na jibu lake, kama kwaya inavyogawana sauti. Na mtihani haukuwa wetu. Ulikuwa wake. Sisi tulikuwa, tuseme, vifaa vya kufundishia.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Kwetu Likasi dada mkubwa ni yaya, na ukithubutu kumwita kwa jina utakula kofi la mama kabla ya bukari, ugali wetu. Alikwisha kupata digrii yake ya biolojia, tukala, tukacheza, tukapiga picha. Halafu akatangaza kwamba anarudi chuoni, safari hii kusomea ualimu. Mimi, ambaye kila asubuhi natafuta ugonjwa wa kunizuia kwenda shule, sikuelewa. Mtu ametoka gerezani, sasa anaomba kazi ya kulinda mlango?

Chuo kinawatuma wanafunzi wake kufanya staji, yaani kufundisha watoto wa kweli katika shule za mjini huku maprofesa wamekaa nyuma wakiandika makosa. Shule aliyopangiwa ilikuwa yetu, hapa Kikula. Darasa alilopangiwa lilikuwa langu. Aliporudi na habari hiyo alinikamata sikio.

"Sikia, weye. Nyumbani minye ni Yaya. Kule ni Madame. Hatujuane."

"Ndiyo, Madame."

"Bado tuko nyumbani, kichwa ya mbuzi!"

Darasa letu mnapaswa kulijua. Tunakaa wanne kwenye benchi la watatu, na wa tano akija tunapumua kwa zamu. Dirisha linatazama soko, ambako kuna muuza dawa ya panya mwenye spika inayorudia maneno yale yale tangu asubuhi: ya panya, ya mende, ya kunguni. Mwalimu akitaka kusikika lazima asubiri kunguni wapite.

Lakini shida ya Yaya haikuwa kelele. Ilikuwa kimya. Somo lake la kwanza aliuliza swali zuri kabisa, akatabasamu, akasubiri. Tukamtazama kama ng'ombe wanavyotazama treni. Akauliza tena. Hakuna. Siyo kwamba hatukujua. Shuleni kwetu darasani ni Kifaransa tu, na ukisimama ukakosea kitenzi kimoja darasa litakucheka hadi Pasaka. Kwa hiyo mtu mwenye akili hufunga mdomo na kutazama viatu vyake. Hata mimi, mdomo mrefu hivi, nilivitazama vyangu.

Profesa mzee aliyemsimamia, yule anayeweka miwani kwenye paji la uso halafu anaitafuta mfukoni, alimwambia mlangoni, tukisikia sote: "Madame, unajua biolojia. Lakini darasa lako ni maiti. Ukija na maiti hiyo siku ya somo la mwisho, utarudia mwaka."

Siku hiyo Yaya hakugusa bukari. Mama alisukuma sahani mbele yake mara mbili, akaishia kunipa mimi. Nilikula, lakini kwa huzuni.

Basi akaanza mazoezi uani. Somo la mwisho lingekuwa juu ya samaki: umbo lake, ngozi yake, anavyotembea, anavyopumua, anavyozaa. Mama yetu anauza samaki sokoni, wale wanaoletwa kutoka ziwa la Mwadingusha, kwa hiyo samaki mkubwa mbichi wa kuweka mezani alikwisha kuahidiwa. Maprofesa wanapenda hivyo. Ukifundisha kitu, kilete. Wanafunzi wakione, wakiguse, wakinuse. Mungu ashukuriwe kwamba hakufundisha tembo.

Yaya aliegemeza ubao kwenye ukuta wa jiko, akavaa viatu vya kisigino juu ya udongo, akasema na mabeseni.

"Weye utakuwa wanafunzi," akaniambia.

"Mwanafunzi gani?"

"Wote."

Nikawa wote. Nikawa msichana mwenye aibu, nikawa mvulana wa nyuma anayesinzia, nikawa hata spika ya dawa ya panya. Mwili wa samaki umefunikwa na nini? *Magamba, Madame.* Anatembea kwa kutumia nini? *Mapezi, Madame.* Anapumua kwa nini? *Matamvua, Madame*, yale mekundu ndani ya mashavu yake. (Haya yote yalikuwa kwa Kifaransa, jamani. Ninawaandikia kwa Swahili ili tucheke pamoja.) Jioni baada ya jioni, maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, na mapezi nikiyamalizia kwa makofi mawili, hadi nikaanza kujibu usingizini.

Na hapo ndipo kichwa changu kikafanya kazi, jambo ambalo halijawahi kumfaidi mtu.

Nikawaza: hawasemi kwa sababu wanaogopa kukosea. Je, kama sentensi imepikwa tayari, imekaririwa, haina kosa hata moja? Wakati wa mapumziko nikawakusanya wenzangu nyuma ya vyoo. Binti wa pasta, aliyezoea kuombea watu bila spika na kusikika barabara ya pili, nikampa magamba. Jirani yangu wa benchi, kijana mkubwa kama kabati ambaye baba yake anachimba shaba Kambove, hakuwahi kusema neno darasani. Nilimpa matamvua.

"Ni kitu gani hiyo?" akauliza.

"Usiulize. Sema tu."

"Nitasema lini?"

"Baada ya mapezi. Ukisikia mapezi, weye unafuata."

Tulifanya mazoezi kwa wimbo. Tulipiga makofi. Kufikia siku ya mtihani darasa lote lilikuwa limeiva, maiti ilikuwa inacheza. Sikumwambia Yaya. Nilitaka afurahi ghafla.

Asubuhi ile nilitoka nyumbani mapema ili niwapange watu wangu. Nilichokosa kukiona ni hiki, na nilikuja kukijua baadaye: lori la samaki halikufika. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Mwadingusha, mama akarudi kutoka sokoni na beseni tupu. Yaya alizunguka ua mara kadhaa akishika kichwa, halafu macho yake yakatua kwa kuku wa mama. Kuku ana ngozi yake, anatembea, anapumua, anazaa. Maswali ni yale yale. Kwenye karatasi ya somo akafuta *samaki*, akaandika *kuku*, akamfunga ndege miguu, akamtia ndani ya kikapu.

Aliingia darasani na kikapu kimefunikwa kitambaa. Nyuma walikaa watu wa juri, wale wa kumpa alama: yule mzee wa miwani na profesa mmoja mama aliyenyoa nywele fupi sana, na kalamu zao tayari. Mimi nilimkonyeza jirani yangu. Yaya akatoa kitambaa.

Kikapu kikasema: "Kokokooo."

Moyo wangu ukashuka hadi kwenye soksi. Nikageuka kwa binti wa pasta, nikatikisa kichwa kwa nguvu: hapana, hapana! Yeye akaelewa kwamba nampa ishara ya kuanza.

"Mwili wa mnyama huyu umefunikwa na nini?" Yaya akauliza, kwa sauti ya mtu anayejiandaa kwa kimya.

Binti wa pasta akasimama kama bunduki. "Mwili wake umefunikwa na magamba, Madame!"

Kuku alikuwa keshatolewa, yuko juu ya meza, mwekundu, manyoya tele.

Yaya akapepesa macho. "Eh... vizuri kwa kujaribu. Na anatembea kwa kutumia nini?"

"Kwa mapezi, Madame!" Hawa walikuwa benchi zima, kwa pamoja, na makofi mawili mwishoni kwa sababu kwenye wimbo wa mazoezi ubeti wao uliishia hivyo.

Nilimvuta jirani yangu shati. Nikamnong'oneza: "Nyamaza, nyamaza, usiseme!" Lakini mtu amekaa kimya mwaka mzima na sasa amepewa sentensi yake, utamzuia na nini? Hakusubiri hata swali. Akainuka, benchi likainuka naye.

"Kuku anapumua kwa matamvua!" akanguruma. Halafu akakaa, akiwa na furaha ya mtu aliyebatizwa.

Nje, kunguni wakapita. Ndani, profesa mzee alishusha miwani kutoka kwenye paji, mara ya kwanza bila kuitafuta, akamwangalia kuku vizuri. Nadhani kwa kitambo kidogo alikuwa na mashaka.

Yaya hakumtazama kuku. Alinitazama mimi. Jamani, nimewahi kutazamwa na mbwa wa polisi, lakini si hivyo. Alijua. Yale makofi mawili aliyajua, ndiyo niliyompigia uani kila jioni. Niliona mwaka wake mzima unaondoka mbele yangu ukivaa viatu vya kisigino, na ilikuwa kazi yangu mwenyewe. Nilijaribu kuomba. Maombi pekee yaliyokuja ni ya kabla ya chakula.

Yaya akaweka chaki mezani.

"Bon," akasema. Na kutoka hapo hakusema tena Kifaransa. "Musahau ile yote banawafundisha. Mukuye hapa mbele. Muangalie huyu kuku na macho yenu, muguse, na muniambie munaona nini. Kwa Swahili."

Kwa Swahili! Mbele ya juri! Profesa mzee akafungua kalamu. Hakuna aliyesogea. Sheria ni sheria, na sisi tulikuwa tumezoea kuchapwa nayo.

Aliyevunja ukimya alikuwa yule kabati wa benchi langu. Pengine kwa sababu alikwisha kusema jambo baya kuliko yote yanayowezekana, hakuwa na cha kupoteza. Akaenda mbele, akainamisha uso hadi pua yake ikakaribia mdomo wa kuku.

"Madame," akasema polepole, "haina matamvua."

Darasa likalipuka. Yaya akangoja tuishe.

"Aya. Sasa iko na nini?"

"Iko na tundu mbili, hapa juu ya mudomo. Na tumbo inapanda, inashuka. Anavuta hewa kama sisi!"

"Vizuri sana, baba. Hizo tundu, kwa Kifaransa tunaziita vipi?"

Yaya akampa neno mwenyewe. Kabati akalirudia. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu kila mtu alikuwa anasukuma aone tundu. Binti wa pasta akainua bawa akagombana na mwenzake kama yale madogo laini chini yake ni manyoya au ni kitu kingine. Mmoja akagundua magamba kwenye miguu ya kuku, akapiga kelele: "Kumbe hatukudanganya yote!" Watu wakauliza maswali ambayo hata mimi, wanafunzi wote wa uani, sikuwahi kuyafikiria. Kuku akilala mbona haanguki? Anakunywa maji, mbona hakojoi? Yaya alijibu alichojua, akasema "sijui, tutatafuta" kwa asichojua, na kila jibu likapanda ubaoni kwa Kifaransa safi.

Kuku naye akachoka kuwa kifaa. Kamba ililegea, akaruka, akapita juu ya vichwa, akatua mezani kwa juri na kukanyaga karatasi ya alama. Tukaganda. Profesa mzee akanyoosha mkono, pa! akamdaka mabawa yote mawili kwa mara moja, akamweka mapajani.

"Endelea, Madame," akasema. Kwa Swahili. "Minye niko naye."

Akakaa naye hadi mwisho wa somo, akimpapasa.

Baadaye juri walijifungia ofisini kwa mkuu wa shule. Mimi na kabati tukajibana chini ya dirisha.

"Sheria ni Kifaransa," ilisema sauti ya mzee. "Minye sikuandika hiyo sheria, lakini iko."

"Na maneno yote ubaoni yalikuwa lugha gani?" akauliza profesa mama. "Prof, umeshika kuku saa nzima. Ungemwachilia kama somo lilikuwa baya?"

Kiti kikalia. Kisha wakamwita Yaya ndani.

"Umepita," mzee akasema. "Lakini ile kwaya ya mwanzo. Nani aliifundisha?"

Pale nje niliacha kupumua, hata kwa matamvua.

"Sijui, Prof," akasema Yaya. "Huko mujini watoto banajifundishaka mambo mingi."

Alitoka, akanipita kama hatujuani, kama tulivyokubaliana. Alinisubiri nyuma ya soko. Nilidhani atanipiga, na alinipiga kweli, kwa kikapu, kuku bado ndani. Halafu akanikumbatia, akaanza kucheka, akakaa chini kwenye gunia la mtu la makaa na sketi yake ya mtihani, akicheka hadi mwenye gunia naye akacheka bila kujua sababu.

Nyumbani alimweleza mama kila kitu, akisimama kuigiza kila sehemu: binti wa pasta, makofi, matamvua, mzee na kuku mapajani. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliacha sombe. Alicheka akafuta macho kwa kitenge, akamshika Yaya mashavu, akambusu paji la uso, akamshukuru Bwana kwa sauti kubwa hadi majirani wakaitika amina kutoka ng'ambo ya ukuta. Mimi nami nikaitika amina, nikifikiri mambo yamekwisha.

Akageuka kwangu. Hakucheka tena.

"Weye. Minye nilifunga kula, niliomba Mungu afungule kinywa ya bale batoto. Sikumuombaka akutume weye."