Nilikataa Chakula cha Mama Nikijiandaa kwa Hukumu

Kosa ni langu. Msinitafutie shetani wa kumsingizia. Mkono uliofunga mlango ni huu huu ninaoandikia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nakaa Naguru kwenye nyumba za polisi. Marehemu baba yangu alikuwa polisi, Mkristo wa kaskazini. Mama yangu Mwislamu wa mtaa wa Kisenyi. Waliishi kila mtu na dini yake, na sheria nyumbani ilikuwa moja tu: kuku anachinjwa na mjomba, kaka yake mama, ili sote tule sufuria moja. Idd mjomba, Krismasi mjomba. Baba alikuwa anamtania, "Shemeji, wewe unaijua Krismasi kuliko padri!"

Halafu nikaokoka. Hilo sijutii. Lakini kanisani tulikuwa tunafundishwa juu ya hukumu wiki baada ya wiki. Siku moja mchungaji akatugawia karatasi: andika kitu kilichomo nyumbani kwako ambacho Yesu akirudi leo kitakuaibisha. Wenzangu waliandika pombe, waliandika uzinzi. Mimi, mjinga mimi, niliandika: nyama ya mama, iliyochinjwa na Mwislamu.

Hasira yangu sikuandika. Jirani niliyekuwa simsalimii sikumwandika!

Krismasi nikanunua jogoo sokoni Kalerwe. Pale yupo mzee Mwislamu anayewachinjia wateja. Nikamwambia jogoo wangu asimguse. Mume wangu akamchinja nyumbani.

Mama alipokuja akauliza polepole, "Mwanangu, nani kachinja?"

"Baba mtoto."

Akacheka kidogo. "Basi mimi leo nipe matoke na mchuzi wa karanga." Akala, akashukuru, akaosha sahani yake mwenyewe.

Idd akaja na bakuli la pilau, kalifunga kwenye kitambaa. Binti yangu akamkimbilia, "Jajja! Jajja!" kama watoto wa hapa wanavyomwita bibi. Mimi nikasimama mlangoni.

"Mama, hicho chakula hakiingii humu. Siku ya hukumu nitajibu nini?"

"Utajibu kwamba mama yako alikuletea pilau."

"Usimfanyie Mungu mzaha!"

"Mzaha gani? Mungu huyo ndiye aliyenipa wewe. Nimelibeba tangu Kisenyi. Haya, mtoto basi aonje..."

"Mtoto pia hapana."

Akaliangalia bakuli, akaniangalia mimi. "Haya. Lakini usinune, mwanangu, leo si siku ya kununa." Akakaza fundo la kitambaa, akaondoka, majirani wanatazama.

Mtoto akaniuliza, "Mama, Jajja ni mchafu?"

Nikamwambia anyamaze. Banange, jamani! Nilimwambia anyamaze!

Jioni ile niliimba. Niliona nimeshinda mtihani.

Simu sikumpigia. Nilikuwa nangoja yeye aniombe msamaha. Mimi! Wiki ya saba akapiga mjomba. Presha. Mama alianguka asubuhi akifua nguo, hakuamka tena.

Nilifika Kisenyi wameshamwosha. Waislamu hawachelewi kuzika. Neno moja sikuwahi kumwambia, hata salamu.

Tuliporudi kutoka makaburini wanawake wakaanza kupakua chakula. Nikajibana pembeni, sijui hata nikae na nani. Mke wa mjomba akaja na sufuria ndogo, mpya, inang'aa.

"Hii yako. Maharage. Haina nyama."

"Nani kawaambia?"

"Mama yako. Aliinunua siku ile ile aliyorudi kutoka kwako na pilau, na humu haijapikwa nyama hata mara moja. Alisema, binti yangu akija mpikieni humu, ale moyo wake utulie. Na msimcheke, anamwogopa Mungu."

Anamwogopa Mungu! Mimi niliyemfukuza mlangoni!

Nikaipokea sufuria kwa mikono miwili.

Niliporudi Naguru, dada mmoja wa kanisani akaja kunipa pole. Akasema, "Usilie sana, dada, wewe ulisimama imara." Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Nilisimama, ndiyo. Nilisimama mlangoni kumzuia mama.

Ninyi Wakristo wenzangu, hukumu ipo, sijaacha kuiamini. Sasa ndiyo naiogopa kweli. Zamani niliingoja kama mtu aliyevaa nguo safi. Jiandaeni, lakini ukipewa karatasi andika dhambi zako, usiandike mama wa mtu. Na kama kuna uliyemfungia mlango kwa jina la Yesu, acha kusoma hii, nenda kwake. Nenda leo! Msamaha wa Mungu naomba kila siku. Wa mama niuombee wapi?

Mama yako akikuletea chakula, pokea. Kama dhamiri inakukataza nyama, kula wali, ushukuru, uoshe sahani. Mama yangu aliweza kufanya hivyo nyumbani kwangu siku ya Krismasi, na hakuna aliyempa karatasi.