Niliingia kwa bamukwe na kiti ya velo kwapani

Ndugu zangu, leo kidogo tu nikose bibi juu ya kiti ya velo!

Nilipanda velo, baiskeli yangu, nikaenda kujionesha kwa wazazi ya Neema, muchumba wangu.

Kiti ya velo yangu inafungwa na kamukono tu. Unakafungua, unapandisha kiti ao unashusha, bila ufunguo. Na mwizi anaweza kuichomola vilevile! Basi kila fasi nafika, naichomolaka.

Nikaingia nayo kwapani, nikasalimia. Wote mu salon wakaangalia ile kiti.

Papa yake akaniuliza: "Mutoto, unafikiri siye hapa ni wezi?"

Weye ungejibu nini? Neema anaangalia chini.

Muzee akainama, akavuta kiti ya velo yake chini ya fotei yenye alikuwa ameikalia.

"Ikaa, mukwe," akasema. "Ile yako, weka hapa na ya kwangu."