Macho ya Fundi Saa

Fundi saa huipuliza kila saa kabla ya kuifungua, kama anayepoza chai ya mtoto, kisha huibana lenzi jichoni na kuinamia kazi. Siku hizi macho yanamwasha, lakini habari za hospitali hataki kuzisikia. Wateja wasije wakasema amekwisha. Leo binti yake amemwekea simu usoni.

“Baba, programu hii inapima ukavu wa macho. Usipepese.”

“Mimi? Marehemu mama yako nilimkazia macho siku ya kwanza mpaka yeye ndiye akatazama chini!”

Akainua kidevu kama bwana harusi anayepigwa picha. Hakufika mbali, kope zikapepesa. Simu ikashauri amwone daktari.

“Leo mama yako angenishinda,” akasema taratibu, akainama kutafuta viatu vyake.