Viatu Vyangu na Jiwe la Mama

Watu wakiniuliza kwa nini sikufika nilikotaka, huwa nawaambia ni korona. Huo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni jiwe la kunolea visu ambalo mama yangu alilibeba kutoka Nakuru hadi Minto, mtaa wetu wa Sydney, utadhani Australia nzima haina mawe.

Nilitaka kucheza hoki ya barafu kwa kulipwa. Ndiyo, mimi, msichana wa Kikenya, tena Sydney, mji ambao watu wakiona barafu wanatafuta soda ya kuitumbukiza. Mama alishachoka kuwaeleza watu wa kanisani, akawa anasema tu kwamba binti yake anafanyia mazoezi kwenye friji. Mipaka ilikuwa imefungwa, hakuna mtu wa kuja kunitazama, kwa hiyo kochi wangu akahangaika mpaka timu moja ya Kanada ikakubali kunipima kwa video. Waliitaka kabla mwezi haujaisha. Sasa ningeirekodia wapi? Kiwanja cha barafu kimefungwa, sisi wenyewe tumefungiwa ndani, nami nimebaki kwenye gereji nikipiga kopo la maharagwe kwa gongo langu la hoki mpaka jirani analalamika. Jameni, nilichoka!

Hatimaye wakafungua, kochi akatupatia nafasi Jumamosi ya mwisho. Siku moja kabla, nikamlalamikia Mama kwamba viatu vyangu vya kuteleza, vile vyenye chuma chini, vimekuwa butu na fundi mwenye mashine ya kunoa bado hajarudi kazini. Nililalamika tu, kama mtu anavyolalamikia mvua. Mama akaendelea kukata mboga.

Asubuhi alinipeleka kwa gari, akabaki nje kwa sababu watazamaji hawakuruhusiwa. Nikatoa viatu kwenye begi bila kuvitazama, nikafunga kamba, nikakanyaga barafu. Mguu wa kulia ukaenda zake. Nikainuka, wa kushoto nao ukaenda zake. Kochi alikuwa anarekodi kwa simu. Nilipoanguka tena akaishusha, akaja, akageuza kiatu changu na kupitisha kidole kwenye chuma.

"Nani amefanya hivi?" akauliza polepole.

Chuma cha kiatu cha hoki hakinolewi kama kisu. Katikati kina mfereji mwembamba, na kingo mbili za pembeni ndizo zinazouma barafu. Usiku, kwa lile jiwe lake, Mama alikuwa ameufuta mfereji wote, akatengeneza kisu safi cha kukatia sukuma wiki. Kuku ungemchinja nacho. Kugeuka au kusimama, sahau.

Nililia kwa hasira mpaka barakoa ikalowa. Mwishowe nikavaa viatu vya plastiki vya kukodi, vikubwa kuliko miguu yangu, nikarekodiwa nikiyumbayumba. Video ilitumwa hivyo hivyo, na ile timu haijajibu mpaka leo.

Nikitembea kuelekea kwenye gari nilikuwa nimeshapanga maneno yangu, na hayakuwa mazuri. Mama alikuwa amevaa sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, anawahi zamu. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa plasta. Alinigeukia kwa hamu.

"Viatu vilikata?"

Nikakaa. Nikafunga mkanda. Nikavitazama tena vile vidole.

"Vilikata, Mama."

"Nilijua," akasema, akiwasha gari. "Mwambie kochi alete na vya wenzako."