Titi Lililopumzishwa

Mwanangu wa tatu nilimzaa nikiwa na titi moja. La kushoto lilikatwa Dar es Salaam, katika hospitali ya saratani, miaka michache kabla yake, na ngozi iliyobaki ikachomwa mionzi mpaka ikawa ngumu kama ganda la kiazi cha kuchoma. Daktari aliniambia nikijaliwa mtoto nitaweza kumnyonyesha kwa la kulia. Nikarudi Matiri, kwenye shule niliyokuwa nikifundisha.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda hadi kwetu, na maduka ya Mbinga yakajaa maziwa ya kopo. Kila aliyekuja kunipongeza aliuliza kama kopo limeshanunuliwa. Jirani mmoja alinitazama kifuani, akacheka. “Kidole kimoja hakivunji chawa, mwalimu.” Nilimjibu kwamba mwanangu si chawa. Nilikuwa mkali siku hizo, kwa kuwa nilichoka, na mtu aliyechoka hana akiba ya adabu. Nilitaka jambo moja tu: titi hili limlee mtoto. Mwili ulikwisha kuniangusha mara moja, nami nilitaka safari hii usiniangushe.

Mama mkwe alikuja kunitunza. Tangu utoto alilima ngoro, yale mashimo yanayochimbwa ubavuni mwa mlima na kufukiwa nyasi ili mvua isiondoke na udongo. Alijua shamba likilimwa mfululizo huchoka. Akaamua titi langu nalo lipumzishwe. Mtoto alinyonya asubuhi, kisha mchana kutwa akapewa uji mwembamba wa mahindi, hadi jioni.

“Liache lijae, mwanangu,” aliniambia. “Hata shamba halipigwi jembe kila siku.”

Nilikubali, maana usingizi wa mchana ulikuwa mtamu. Mwanzoni titi lilijaa hadi likauma. Baadaye likaacha kujaa. Mtoto alivuta, akaachia, akalia kwa hasira, na uji ukamharisha. Mume wangu alisema nivumilie tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alivuta blanketi akalala.

Kliniki, nesi alimpima mtoto, akakuta amepungua. Alipoyasikia mambo ya kupumzisha, alishika kiuno. “Dada, maziwa hayawekwi ghalani. Asiponyonya, mwili unajua hayatakiwi. Acha uji. Mnyonyeshe kila atakapo.”

Nikamwambia mama mkwe uji basi. Akaendelea kupeta maharage. Tangu siku hiyo mtoto alining'ang'ania. Shingo iliuma, chuchu ilipasuka, nilikula ugali na usipa, wale dagaa wa ziwani kutoka Lituhi, nikiwa nimempakata, nikichungulia miiba isimdondokee usoni. Nilimpenda, na kuna saa nilitamani mtu amchukue aende naye mbali. Lakini polepole maziwa yalianza kurudi.

Adhuhuri moja niliamka kitini nikakuta mapaja matupu. Mama mkwe alikuwa jikoni na mtoto, bakuli la uji mkononi.

“Mama, nipe mtoto.”

“Sikupi.”

“Mama!”

“Titi la kwanza ulilinyonyeshea hivi hivi,” alisema bila kunitazama. “Wale wakubwa uliwaweka kushoto, mchana na usiku. Nililiona likiisha. Nikanyamaza, nikasema mimi mkwe tu.” Alimvuta mtoto kifuani kwake. “Mtoto akikosa titi, uji upo. Sisi tukikukosa wewe, tutapewa nini?”

Hasira iliniishia pale pale, nikabaki na uchovu mtupu. Kama kunyonyesha ndiko kulikoliua titi lile, nilishamwuliza daktari nikilia, naye akanijibu kwamba kunyonyesha hakuleti saratani. Jibu hilo nililibeba miaka yote peke yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mwingine nyumbani mwetu anayelihitaji.

Nikamwambia alivyosema daktari. Alisikiliza hadi mwisho.

“Daktari nimemsikia. Na wewe?”

Sikuwa na nguvu ya kudanganya. “Mimi naogopa, Mama. Kila nikimweka, naogopa.”

Aliweka bakuli chini. Akanikalisha kwenye kigoda, akanipa mtoto, kisha akapiga magoti mbele yangu. Kwa kiganja chake kigumu akalishika titi kwa chini, akaliinua taratibu mpaka mtoto akalipata. Niliyasikia maziwa yakishuka. Mkono wa mama mkwe ulianza kutetemeka kwa kuchoka, nikamwambia apumzike. Alitikisa kichwa, akaendelea kulishikilia.