Enzi za Mtandao Kuganda Kigombe

Mwezi uliopita nilikwenda Kigombe kukabidhi ufunguo wa nyumba ya marehemu bibi kwa mpangaji mpya, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia na mkewe. Mkewe mtu mchangamfu. Tulipokuwa tukizunguka vyumba aliniuliza, "Dada, humu ndani mtandao unashika?" Nikamwambia unashika kila chumba. Akafurahi, akaenda kutundika mapazia yake. Mimi nikatoka uani, nikakaa kwenye kizingiti cha jiko. Swali la watu wote siku hizi, wala halina ubaya, lakini lilinikalisha pale hadi chai waliyonipa ikapoa. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilipokuwa darasa la sita, nyumba ile ilikuwa imeshakuwa tupu. Zamani tulilala watoto watano mkekani, tukipigana mateke. Kisha binamu zangu wakahamia Tanga mjini kwa masomo, mmoja baada ya mwingine, na mkeka ukabaki wangu peke yangu. Mama alikuwa Maskati akifanya kazi za ndani. Nilikuwa mdogo mno alipoondoka, hata sura yake naijua zaidi kwa ile picha iliyobandikwa kabatini. Alinitumia simu kwa mkono wa jirani yetu aliyetoka huko, ili tupate kuonana. Hatukuonana. Mtandao wa Kigombe wakati huo haukuweza kubeba sura ya mtu, na hata sauti ilichelewa, ukisema unangoja ifike Maskati ndipo ujibiwe. Basi simu ile ikawa ya gemu.

Nilikuwa nikimaliza kazi zangu kwanza, maana kwa bibi hapakuwa na mchezo. Nikitoka shule nachota maji, nakuna nazi, naosha uono, wale dagaa wadogo wa pwani, na kuutandaza juani huku nikifukuza kuku. Bibi anasonga bada ya muhogo, moshi unatoka jikoni na kunifuata popote ninapokaa. Ikishaadhiniwa alasiri na tumeshaswali, anasema, "Haya, kaongee na watu wako." Nami nakimbilia kona ya ua, karibu na banda la kuku, ndipo palipokuwa na mtandao kidogo. Mpaka leo nikisikia harufu ya kinyesi cha kuku, vidole vinanicheza.

Gemu yenyewe ilikuwa ya vita, vikosi vya watu watatu watatu. Unaweza kuingia na mtu usiyemjua, mkasikilizana kwa maiki. Nilipoanza nilijiona nina kipaji. Naingia chumbani nawakuta maadui wamesimama wima kama mipapai, hawageuki, hawakimbii. Nawapiga mmoja mmoja, wanakaa kidogo, ndipo wanaanguka. Nikawa najiambia, kumbe kuna kitu mimi nakiweza kuliko watu. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Shuleni nilikuwa yule mtoto wa dawati la nyuma anayeitwa "wewe pale".

Aliyenifumbua macho ni kijana mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa kiongozi wa kikosi tulichokuja kukizoea. Tulimwita Kapteni. Sauti yake ilikuwa ndiyo kwanza inavunjika, mara nzito mara nyembamba. Wa tatu wetu alikuwa binti wa Muheza, mtoto wa mfanyabiashara wa machungwa. Alicheza akilinda meza ya baba yake, na kila alipowasha maiki tulisikia wapakizi wakigombana juu ya magunia.

"Wewe wa Kigombe," Kapteni aliniambia siku moja, "unajua kwamba mtandao wako ni mbovu?"

"Najua. Samahani."

"Usiombe samahani. Ni mbovu vizuri."

Akanieleza. Habari za kutoka simu yangu zilichelewa kufika kwa wenzangu. Kwenye vioo vyao mimi nilionekana nimeganda mlangoni, halafu ghafla nipo dirishani, halafu nyuma yao. Wakinilenga, wanapiga mahali nilipokwisha kuondoka. Na gemu ile ilikuwa inaiamini simu ya mpigaji. Simu yangu ikisema nimempata mtu, basi nimempata, hata kama yeye kwenye kioo chake ameshajificha nyuma ya ukuta zamani. "Watu wanakutukana sana," alisema akicheka. "Wanasema unazima data makusudi. Wengine hufanya hivyo kweli, lakini wewe ni wa kuzaliwa."

Tangu siku hiyo nikaitwa Jini. Jini wa Kigombe, tangulia. Jini, ingia ndani kwanza. Sijui kama naweza kukueleza furaha niliyoipata. Watu wawili nisiowajua walikuwa wakikaa wananingoja nimalize kukuna nazi! Kapteni alikataa kuanza bila mimi. Binti wa Muheza akawa ananiuliza leo nyumbani mmepika nini, nami namwambia, naye ananimenyea chungwa la maneno: hili lina maji, hili limekauka, hili ningekupa wewe.

Bibi lile jina hakulipenda. Siku moja alitoka jikoni na mwiko mkononi akasikia linaitwa kwenye spika.

"Nani huyo anamwita mtoto wa watu jini?"

"Ni utani, bibi."

"Utani wa wapi huo? Lete hapa." Akaichukua simu, akaishika mbali na uso kama kikombe cha uji wa moto. "Ewe kijana! Huyu ni mjukuu wangu, ana jina alilosomewa dua. Umesikia?"

Kimya. Bibi akangoja, akatikisa kichwa, akanirudishia simu. "Hata shikamoo hawezi." Ameshafika mlango wa jiko ndipo sauti ya Kapteni ikatoka, nyembamba kabisa: "Shikamoo, bibi. Nisamehe, bibi." Nikamkimbilia kumwambia imefika, ilichelewa njiani. Bibi akaitikia "marahaba" akiiangalia simu kwa mashaka, kama mtu anayemwitikia aliye ndani ya mtungi.

Ukweli ni kwamba Kapteni alinitumia. Kuna siku mtandao ulikuwa ukiamka vizuri, hasa baada ya mvua, naye alikasirika. "Jini, leo unaonekana. Ingia ndani ya nyumba." Nami naingia. Nilizijua pembe zote za nyumba ile kwa ubaya wake. Sebuleni mbaya kidogo. Ukumbini mbaya. Mbaya kuliko zote ilikuwa chumbani kwa bibi, kati ya kabati na ukuta wa mawe, penye harufu ya mafuta ya nazi na udi. Nilikuwa nikijibana pale, magoti kifuani, jasho likinitiririka, nikitafuta mahali ambapo ulimwengu haunifikii sawasawa, na ndipo nilipokuwa na wenzangu zaidi kuliko popote. Tukashinda, tukashinda tena, mpaka tukaingia fainali ya mashindano ya vijana waliojikusanya wenyewe kwenye kundi la simu. Zawadi haikuwapo. Tulitaka tu kutajwa.

Wiki ile ile ukawashwa mnara mpya nje ya kijiji.

Watu walifurahi, wana haki. Wavuvi wakapata bei za samaki za mjini wakiwa ufukoni, wanawake wakapata watoto wao walio mbali. Mchana ule mama alipiga simu, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitembea, akicheka, akiweka kitenge sawa begani. Alipoketi akampakata mapajani mtoto wa tajiri wake, mwenye nywele laini. Mtoto akamshika kidevu akamgeuza, akataka atazamwe yeye. Mama akamtazama. Bibi aliona nami niliona. Tukaaga vizuri.

Alasiri tukacheza fainali. Maadui hawakusimama tena kama mipapai. Walikimbia, waliinama, waliniona. Nilianguka kabla sijafika mlangoni. Tukaanza raundi nyingine, nikaanguka tena.

"Jini, una nini?"

"Mnara umewashwa."

"Nenda chumbani kwa bibi yako!"

"Nipo chumbani kwa bibi."

Nikaingia mvunguni mwa kitanda. Nikajifunika sinia la bati kichwani. Mtandao ukazidi kushika, kila kitu kinafika papo hapo, safi kama maji ya kisima kipya. Tukafungwa. Nikamsikia Kapteni akipumua. Hakunitukana, laiti angenitukana. Alisema tu, "Haya, tutakuita." Binti wa Muheza akasema, "Pole, wa Kigombe," na nyuma yake mpakizi akamwita, akazima.

Siku iliyofuata nilimaliza kazi nikaenda kona yangu. Walikuwa wameshaanza, na mtu mwingine. Jina langu la Jini alikuwa amepewa kijana wa huko bara ambaye alijua kuzima na kuwasha data kwa wakati. Binti wa Muheza alinitafuta mara chache, tukacheza wawili, tukishindwa na kucheka. Kisha akapelekwa shule ya bweni ambako simu haziruhusiwi, na hatukuwa tumeulizana majina.

Bibi aliniona narudi jikoni mapema. Alisogea kwenye kibao cha mbuzi akanipa nafasi, akanipa nazi nyingine, ingawa ya kutosha ilikuwa imeshakunwa.

Nilipokuwa mkubwa niliwahi kuitafuta ile gemu. Waliotengeneza wameshaifunga, haifunguki, na kila kilichosemwa humo kimekwenda nayo. Sina picha ya wale wawili wala namba yao. Huenda Kapteni ni baba wa watoto sasa. Huenda nimenunua machungwa kwa yule binti pale njia panda ya Muheza, tukaambiana ahsante kama wageni. Walinipenda kwa kuchelewa kwangu, najua, sijidanganyi. Lakini walikuwa wakiningoja, na tangu hapo sijui ni nani mwingine aliyewahi kukataa kuanza jambo mpaka mimi nifike.

Mama alirudi mwaka aliofariki bibi. Anaishi nami Tanga mjini, mtu mwema, mpole, anapika vizuri. Jioni tunakaa pamoja barazani. Namwambia jambo, ananyamaza akiniangalia, anangoja ahakikishe nimemaliza, ndipo anajibu. Nami nikisikia jibu lake nanyamaza vilevile. Tumekaa umbali wa hatua moja, magoti yanakaribia kugusana, na kila mmoja bado anampa mwenziwe muda wa maneno kuvuka bahari.